Ng'ombe Huhesabiwa Kiangazi

Ukitoka Singida kwa basi la Mwanza, ukishaiacha Misigiri, barabara huanza kujikunja kona za Sekenke. Dereva hurudisha gia, abiria waliosinzia huamka, na mama aliyepakata mtoto huuvuta mkoba wake karibu na miguu. Kisha mlima unakwisha na nchi inalala bapa mbele yako, huoni inakoishia. Hilo ndilo bonde la Wembere. Ng'ambo yake ndiko Igunga.

Ukipita mwezi Machi utalipenda. Majaruba ya mpunga yamejaa maji, yangeyange wamesimama mgongoni mwa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wanang'aa kana kwamba wamepakwa mafuta. Ukipita Oktoba utajiuliza ni nani mwenye akili timamu aliyeamua kujenga hapa. Udongo mweusi umepasuka nyufa zinazomeza mkono mpaka kiwiko. Vumbi linacheza ngoma peke yake. Mifugo inafuatana msururu mmoja kwenda kwenye lambo ambalo limebaki tope, na vijana wanachimba visima vya mchanga kwenye mto uliokauka, wakichota kata moja baada ya nyingine.

Baba mkubwa alikuwa akisema nchi hii ina sura mbili, na mgeni huonyeshwa ile nzuri.

Nilikuwa na miaka kama tisa aliponituma kwa mara ya kwanza kuhesabu ng'ombe. Ulikuwa mwezi wa nne. Nilisimama mlangoni mwa zizi na kopo la bati, kila ng'ombe anayetoka nikadumbukiza kokoto. Nilipomaliza nikamfuata chini ya mkwaju, ambako alikuwa akichonga mpini wa jembe. "Mwangaluka, baba." Akaitikia bila kuinua macho.

"Haya, ng'ombe wangu ni wangapi?"

"43."

"Wengine hapo ni majani tu," akasema, akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Ngoja mwezi wa kumi, ndipo uje unihesabie ng'ombe."

Mwezi wa kumi nilirudi na kopo lile lile. Wawili walikuwa wamekufa. Watano walikuwa wameuzwa mnadani tangu Julai, wangali na nyama. Wanne walikuwa wamepelekwa kwa mjomba upande wa Ziba, wakae kwake wawape watoto wake maziwa, nasi tuwe na mahali pa kuanzia kama ugonjwa ungetuingilia zizini. Kopo lilibaki na kokoto 32. Nikampelekea jibu kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani. Akanitazama kwa furaha ambayo sikuielewa kwa miaka mingi. "Hao sasa," akasema, "hao ndio ng'ombe."

Nimelikumbuka neno hilo kila ninaposoma habari za watu waliopita katika bonde letu na kulihesabu kwa namna zao.

Kwanza umbo la nchi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mto Manonga unatoka magharibi, Mto Wembere unapanda kutoka kusini. Yote miwili inaingia katika uwanda huu, inapoteza kasi, inatawanyika kuwa madimbwi na matete, halafu inajikokota hadi Ziwa Kitangiri upande wa Iramba. Kutoka Kitangiri, maji yaliyobaki yanateremka kwa Mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Hapo ndipo mwisho wa safari. Eyasi ni ziwa la chumvi, halina mlango wa kutokea. Tone la mvua lililoanguka Igurubi haliijui Bahari ya Hindi, halijui Nile, halijui Kongo. Likishuka humu litanywewa, litazama ardhini, au litapaa na jua.

Zamani za kale sana palikuwa na ziwa kubwa hapa. Kingo za bonde, huko Kininginila na sehemu nyingine za Manonga, zinatoa mifupa iliyogeuka mawe. Kule Tinde, juu kidogo ya bonde, mifupa ilikwisha kutambuliwa tangu wakati wa Waingereza, na miaka ya 1990 msafara wa wanasayansi ulioongozwa na Terry Harrison ulichimba kwa makini ukachapisha kitabu kizima mwaka 1997. Walikuta mabaki ya jamaa wa tembo, viboko, nguruwe wa kale, mamba, kobe na samaki, wote wa zaidi ya miaka milioni nne iliyopita. Samaki, katika nchi ambayo leo mtu anabeba ndoo kwa baiskeli kutwa nzima! Mchungaji akiokota jino la kiboko wa jiwe hulitazama, akalitupa, akaendelea na fimbo yake. Simlaumu. Lakini bonde lenyewe limekwisha kutuonyesha kwamba maji huja na huondoka, na kwamba kuondoka kwake si jambo geni.

Sasa msafiri. Njia kuu ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo, ilikata nyika ya Mgunda Mkali ikaenda Tabora, kusini ya hapa. Watu wa Unyamwezi ndio walioibeba njia hiyo mabegani, pembe kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi bara. Watu husimulia sana nguvu za wapagazi wale, mizigo yao na nyimbo zao. Mimi ninachowaheshimu zaidi ni kalenda yao. Kijana wa Kinyamwezi alivuna kwanza, akajaza ghala la mama yake, ndipo akafunga mzigo kiangazi, na alitaka arudi kabla ya mvua ya kupandia. Tajiri wa pwani aliyetaka kumsafirisha nje ya hesabu hiyo alipata shida. Safari ilipangwa kwa kumfuata mtama.

Mpelelezi Henry Morton Stanley hakupita kiangazi. Mwaka 1875, baada ya kupigana na Wanyaturu huko Vinyata mwezi Januari, alikata kaskazini-magharibi akavuka uwanda wetu katikati ya mvua, akafika Kageyi ufukweni mwa Ziwa Victoria tarehe 27 Februari. Aliona maji kila mahali. Mito imejaa, uwanda unameta, wanyama tele. Akaiunganisha mito hiyo kwenye ramani mmoja baada ya mwingine, Manonga ukamwagika Simiyu, Simiyu ukamwagika ziwani, akatangaza kwamba amekipata chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Angemwuliza mchungaji mmoja tu maji haya yanaelekea wapi yakipungua, angeambiwa: mashariki, kwa Wanyiramba. Lakini alikuwa na haraka, na majira yalimpendeza.

Nasema hivi bila kumcheka sana, kwa sababu kosa lake tunalifanya hata sisi wenyeji. Ni kosa la kuhesabu mwezi wa nne.

Wadachi walilifanya kwa vifaa bora. Kwanza waligusa dhahabu: mgodi wa Sekenke, pale pale mlimani tulipoanzia, dhahabu yake iligunduliwa mwaka 1907, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokaza mwaka 1916, nao hawana tena fedha kutoka kwao, walifua sarafu za dhahabu mjini Tabora, rupia 15 kila moja, zikiwa na picha ya tembo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Tembo wa Tabora ana thamani kubwa kuliko yule wa mawe wa Kininginila. Basi ndivyo dunia ilivyo.

Lakini hesabu yao kubwa ilikuwa ya maji. Wapima ardhi wao waligundua kwamba Ziwa Victoria liko juu kuliko bonde la Wembere. Wakaona wakichimba mfereji kuvunja kizuizi cha ardhi kilichopo katikati, maji yatateremka yenyewe bila pampu, nao watalima pamba uwanda mzima. Pamba kwa ajili ya viwanda vyao, si kwa ajili yetu. Mpango ulichorwa, ukazungumzwa, vita ya 1914 ikaufunika. Waingereza nao waliufunua wakautazama, wakaurudisha sandukuni. Halafu mwaka 1929 waliandikiana na Misri mkataba wa maji ya Nile, na kuligusa ziwa kukawa jambo la kuombewa ruhusa Cairo. Nyerere aliukana mkataba huo mwaka 1962, akisema Tanganyika huru haifungwi na saini ya mtawala wake wa zamani.

Ule mpango wa pamba, mimi hufikiri tumshukuru aliyeuchelewesha. Udongo wa mbuga ukimwagiliwa mwaka hadi mwaka katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, chumvi hupanda juu. Ziwa Eyasi liko hapo mashariki kwa anayetaka kuona mwisho wa maji yasiyotoka.

Waingereza walikuja na hesabu yao nyingine. Katika mpango wao wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, jirani zetu waliamriwa wapunguze mifugo kila mwaka kwa asilimia, wapende wasipende. Chuki iliyotoka hapo ilisaidia sana kuwajaza watu katika siasa za uhuru. Wataalamu wale hawakukosea kwamba ng'ombe walizidi malisho. Walichokosea ni kudhani mwenye ng'ombe hajui. Yeye alikuwa akipunguza tangu Julai: anauza, anawekesha kwa ndugu, anatoa mahari, anachinja kwenye matanga. Kwa mtu mwenye daftari, ng'ombe aliyepelekwa kwa mjomba bado ni ng'ombe wa kijiji kingine anayeongeza idadi. Kwa baba mkubwa, huyo ni akiba iliyofichwa mbali na ugonjwa, na ni udugu unaonyweshwa maziwa.

Walikuwapo pia waliotazama chini kabla ya kuhesabu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alitembea nyanda za Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaeleza kwamba udongo haubadiliki ovyo: hushuka kwa mpangilio kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, tabaka kwa tabaka. Mfuatano huo akauita mnyororo, kwa Kilatini, na jina hilo limo hadi leo katika vitabu vya vyuo vikuu duniani kote. Bibi zetu hawakuwa na Kilatini. Walikuwa na luseni, mchanga wa juu wanakopanda karanga na mihogo. Walikuwa na itogolo, ardhi ya kati iliyokaza, ya kuchungia. Na walikuwa na mbuga, huko chini, ya mpunga wakati wa mvua na dengu baada ya mvua. Hiyo dengu ni ya kuionea fahari. Hupandwa wakati mvua zinaaga, huota, hukua na kuzaa kwa unyevu uliobaki katika udongo ule mweusi, haioni tone lingine. Ni mmea uliohesabu kiangazi kabla haujachipua.

Na katika itogolo na pembezoni mwa mbuga palikuwa na ngitili. Neno hilo kila Msukuma na Mnyamwezi analijua: eneo la majani linalofungwa. Mvua zikianza, halichungwi. Majani yanarefuka, yanapita kiuno cha mtoto, na wewe unayatazama huku ng'ombe wako wakitafuta kwingine. Wakati wa mvua ngitili ni kama upumbavu, utajiri umelala pale hauliwi. Inafunguliwa kiangazi kimekolea, Agosti, Septemba, tena kipande kwa kipande, kwa ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na maksai wa kulimia. Baba mkubwa hakuweka uzio. Alifunga tu majani kwenye fimbo mbili mwanzoni mwa njia, na watu walipita mbali. Mtoto wa jirani aliyeingiza mbuzi alipelekwa nyumbani na mzazi wake akaitwa kwenye kikao, akatozwa. Hakupigwa. Aibu ilitosha.

Hapo pana jambo ambalo nilistaajabu kulikuta mbali sana na hapa. Katika milima ya Alps, nchini Uswisi, kuna bonde linaloitwa Valais, na kwenye mteremko wake kijiji cha Törbel. Wanakijiji wake wana malisho ya pamoja huko juu mlimani, ambako ng'ombe hupandishwa kiangazi. Mwaka 1517 waliandika sheria: mtu asipeleke mlimani ng'ombe zaidi ya wale anaoweza kuwalisha majira ya baridi kwa nyasi zake mwenyewe. Mwanaanthropolojia Robert Netting alikaa kwao akaieleza sheria hiyo, na Elinor Ostrom akaitumia katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuonyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kujitungia mipaka na kuilinda karne kwa karne. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Kwao ng'ombe hupanda, kwetu hushuka. Kwao adui ni theluji, kwetu ni jua. Lakini Mswisi yule wa 1517 angeketi chini ya mkwaju wa baba mkubwa, wangeelewana kabla ya gongo kupozwa. Wote wawili wangemwambia mtoto mwenye kopo arudi na kokoto zake baadaye.

Tofauti ni kwamba wao waliandika, na walioitawala nchi yao waliacha maandishi hayo yasimame. Ngitili haikuandikwa. Mwaka 1963 utemi ukafutwa, na waliokuwa wakikaa vikao vya malisho wakabaki wazee wa kawaida. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: watu wakahamishwa kutoka kaya zao zilizotawanyika, wakapangwa kwa mistari. Shule na zahanati zilikuja, na hilo silifichi. Ila mtu aliyehamishwa kilomita kadhaa aliiacha ngitili yake bila mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe huliwa na wote mwezi wa nne. Pamba nayo ilitaka mashamba mapya, jembe la ng'ombe likafyeka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga, jirani yetu wa kaskazini, ilikuwa ikitajwa kuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na baada ya kujaribu miti ya kigeni na vitalu, wataalamu wakarudi kuwauliza wazee. Wakaambiwa: ngitili. Mamia ya maelfu ya hekta yakafungwa upya. Mizizi iliyokuwa hai chini ikachipua yenyewe. Mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Sitaki kuipamba. Ngitili ya zamani ilikuwa ya mwenye ng'ombe wengi kabla ya kuwa ya mwenye ng'ombe wawili, na mjane alichanja kuni pale alipoachiwa. Siku hizi zipo zinazokodishwa kwa fedha, na anayekodi hafikirii mwaka ujao. Wembere nako kuna ugomvi wa kila kiangazi kati ya mfugaji anayetafuta majani, mkulima wa mpunga anayesogeza majaruba, na mlinzi wa hifadhi. Kila mmoja ana karatasi au ana babu. Wazee wenyewe walikosea mengi. Walipenda wingi, na mwenye ng'ombe 300 alisikilizwa hata alipokuwa akisema upuuzi. Kilichowaokoa ni kwamba kila mwaka Oktoba iliwasahihisha.

Wengi wa nje walilisikia jina la Igunga mwaka 2011, uchaguzi mdogo ulipoleta vyama, helikopta na waandishi mpaka nyumba za wageni zikajaa. Ulikuwa mwezi wa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Vumbi la helikopta lilipoinuka, bibi mmoja alijifunika kanga usoni akasema, angalau hawa wamekuja wakati wa kutuona vizuri.

Na maji yakaja kweli, ingawa kwa njia ambayo Mdachi hakuiwaza. Kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Shinyanga na Kahama, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na miaka ya karibuni bomba likaongezwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Hayakuja kumwagilia pamba. Yamekuja ya kunywa, kwa mji ambao kwa miaka ulitegemea bwawa la Bulenya na mapenzi ya mawingu. Sijui kama watu wa mbali wanaweza kuelewa maana ya kufungua bomba Oktoba na kusikia linakohoa, linatema hewa, kisha linamwaga.

Siku bomba la mtaa wetu lilipofunguliwa nilikwenda na baba mkubwa. Amezeeka, anatembea na fimbo aliyoichonga mwenyewe. Akinamama walikuwa wakipiga vigelegele, watoto wameloa. Alisubiri foleni kama watu wote, akakinga kiganja, akaonja, akasukutua, akameza. Kisha akamgeukia kijana wa maji aliyekuwa akikaza koki.

"Mwanangu, na mwezi wa kumi yanatoka?"

"Babu, haya ni ya ziwa. Hayana mwezi."

Baba mkubwa akamshukuru, akamwombea baraka, tukarudi nyumbani polepole, mimi nimebeba ndoo. Kesho yake alfajiri sikumkuta kitandani. Nilimkuta kwenye lambo letu la zamani, ameketi ukingoni na fimbo yake, akiwaelekeza wajukuu wawili waliozama magotini, wanachimbua tope na kulitupa juu kabla mvua haijaanza.